Mwanasaikolojia wangu aliniuzia ploti, sasa ananitisha na siri zangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dereva wa trela, umri wangu miaka 47, naishi Changamwe na mke wangu na watoto watatu. Naandika usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tena, na safari hii sijui nimlilie nani, maana yule niliyekuwa nikimlilia ndiye aliyenifikisha hapa.

Oktoba mwaka jana nilipata ajali nikishaipita Mackinnon Road, nimebeba kontena la futi 40 naelekea Malaba. Lori la mbele lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, halina taa wala matawi ya kututahadharisha. Mimi nilivunjika mguu wa kushoto. Taniboi wangu, msaidizi wangu garini, kijana wa miaka 23 kutoka Kaloleni, hakufika hospitali. Alikuwa amelala upande wake, viatu vyake ameviweka juu ya dashibodi. Viatu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiviona kila nikifumba macho.

Nilipotoka hospitali sikuwa mtu tena. Nikisikia honi naruka. Mke wangu alihamia chumba cha watoto kwa vile nilivyokuwa nikipiga kelele usiku. Dada yangu akanipeleka kwa mwanasaikolojia mmoja hapa Mombasa, mama wa makamo, mpole, ofisi yake ni ghorofa ya pili, ina viti viwili na feni. Kila kikao shilingi 3,000. Shangazi, sitasema uongo, alinisaidia. Alinifundisha kupumua kifua kikibana. Alinitaka nisimulie ajali ile polepole, tangu tulipotoka Mariakani hadi mwisho. Mara ya kwanza nilishindwa, mara ya nne nikamaliza. Januari nilianza kulala saa tano mfululizo. Nilimwona kama malaika.

Mle chumbani nilimwambia mambo ambayo hata mke wangu hayajui. Nilimwambia kuna usiku, mwezi wa Desemba, nilitamani nisiamke. Nilimwambia pia kwamba nilipolipwa fidia ya mguu, shilingi 640,000, nilizichukia pesa zile. Mimi nimelipwa kwa mguu ambao umepona. Mama yake yule kijana alipewa jeneza na gari la kubeba maiti, basi. Kampuni ilisema alikuwa kibarua, hana mkataba. Siku hiyo nililia mbele ya yule mama hadi nikaona haya.

Kikao kilichofuata, mwezi wa tatu, nilipoketi hakutoa daftari lake la bluu kama kawaida. Alivuta droo akatoa ramani ya ploti. Akasema yeye na wenzake wamenunua shamba Kilifi wanaligawa, imebaki ploti moja ya 380,000. Kisha akaniambia, "Inunue wewe, halafu siku moja uiandikishe kwa jina la mama yake marehemu. Hiyo itakuwa sehemu ya kupona kwako." Maneno hayo yaliniingia hadi kwenye mifupa. Nani mwingine angejua kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilitamani? Siku ile ile nilituma 150,000 kwa M-Pesa, na wiki iliyofuata 230,000. Zote kwa nambari yake mwenyewe. Risiti hakunipa. Tangu hapo akaniambia nisilipe tena vikao, kwa kuwa "sasa sisi ni washirika." Tukawa tunazungumza ploti nusu saa, nusu saa nyingine ndiyo yangu.

Mwezi wa tano nilirudi kazini. Mwezi wa sita nikamwomba twende nikaione ploti. Mara gari lake bovu, mara mpimaji amesafiri. Nikaomba karatasi ya makubaliano na namba ya hati. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Hali yako hii ya kutomwamini mtu tuliizungumza. Ni dalili ya ile ajali. Usiiache ikutawale." Nilirudi nyumbani nikajilaumu, Shangazi. Wiki nzima nilijilaumu kwamba ugonjwa umenirudia.

Wiki mbili zilizopita nilimwandikia kwamba nataka pesa zangu. Akanitumia ujumbe wa sauti. Ninao mpaka sasa. Anasema: "Kumbuka faili lako ninalo mimi. Kampuni ikijua dereva wao alitaka kujiua, watakupa gari? Na unajua hayo uliyoniambia ni kosa la jinai?"

Rafiki yangu kazini anasema hili ni deni kama deni lolote, niende polisi au ninyamaze. Dada yangu anasema nikimshtaki nitakuwa nimeanika siri zangu mwenyewe. Mke wangu hajui kwamba pesa zimekwenda. Nami nina swali langu ambalo ndilo linaloninyima usingizi: mtu huyu alinitibu kweli, ama tangu siku ya kwanza alikuwa akinipima mfuko? Na nikimshtaki, si nitakuwa nimeuuma mkono ulionitoa shimoni?

Dereva, Changamwe

---

Marahaba mwanangu,

Kabla ya ploti, kabla ya faili, nakuuliza jambo moja, nawe unijibu hata kama uko peke yako chumbani: ule usiku wa Desemba, ile hamu ya kutoamka, imerudi? Kama imerudi, hata kidogo, usingoje kesho. Mwamshe mke wako umwambie maneno hayo hayo uliyomwambia yule mama. Piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Asubuhi nenda hospitali ya Port Reitz, hapo hapo karibu nawe, wana kliniki ya afya ya akili na hawataanza kukuuliza habari za mashamba. Na kama usiku unapita bila kulala, omba ruhusa, usishike usukani wa trela. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe.

Rafiki yako amekosea anaposema hili ni deni kama deni lolote. Fundi wako wa cherehani akikuuzia ploti hewa, amekutapeli. Mwanasaikolojia wako akikuuzia ploti hiyo hiyo amefanya makosa mawili, na lile la pili ni zito kuliko la kwanza. Hata kama ploti ipo, hata kama ina hati safi na inatazama bahari, bado alikosa siku ile alipovuta droo. Nataka ulielewe hili vizuri kwa sababu ukilielewa utaacha kujilaumu.

Siri uliyoipeleka mle chumbani ilikuwa amana. Uliiweka pale ikusaidie kupona, basi. Yeye aliifungua amana ile, akaona ndani mna vitu viwili, pesa na majuto, akaona kwamba majuto yanaweza kuzitoa pesa. Hakukwambia "nunua, bei ni nzuri." Alikwambia "nunua, utapona." Muuza mashamba mwingine yeyote Kilifi hangeweza kukwambia hivyo, kwa sababu hangejua mahali pa kubonyeza. Ndiyo maana kanuni za maadili za kazi hii, hapa kwetu na kwingineko, zinamkataza mtaalamu kuvaa kofia mbili kwa mteja mmoja pale ambapo kofia ya pili inaweza kumpofusha au kumwumiza mteja. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kiliandika kanuni zake za kwanza mwaka 1953, na katika zile zinazotumika leo kuna kipengele kizima kuhusu mahusiano ya kofia mbili na kingine kuhusu kumnyonya mtu uliye na mamlaka juu yake. Wengi tukisikia mtaalamu amevuka mpaka na mteja, tunafikiria mapenzi tu. Pesa ni mpaka ule ule. Kukopa kwa mteja, kumwingiza kwenye chama cha kuchangiana pesa, kumpa kazi ya kukujengea nyumba, kumuuzia gari, yote ni mlango mmoja.

Tena usiniambie, "Lakini nilikubali mwenyewe, sikulazimishwa." Wengi wanaoniandikia kuhusu mambo kama haya husema hivyo, na moyo wangu huuma kila mara. Ninyi wawili hamkuwa sawa mle ndani. Yeye alijua mkeo analala wapi, wewe hukujua hata jina la mumewe. Wewe ulilia, yeye aliandika. Mizani ikishalala upande mmoja hivyo, anayepaswa kuulinda mpaka ni yule mwenye mamlaka, siyo yule mwenye machozi. Hilo ndilo analolipwa kulijua. Na siku aliposema usilipe tena vikao, hakukufanyia wema. Alikutoa kwenye nafasi ya mteja mwenye haki ya kudai huduma, akakuweka kwenye nafasi ya mtu anayefadhiliwa, na anayefadhiliwa huona haya kuuliza risiti.

Kuna sentensi moja kwenye barua yako niliyoisoma mara tatu. Ni ile ya kwamba kuuliza namba ya hati ni "dalili ya ile ajali." Mwanangu, hapo ndipo aliponikasirisha hasa. Pesa zinaweza kurudi. Lakini mtu aliyekufundisha kuutambua ugonjwa wako, akachukua jina la ugonjwa huo akalifanya fimbo ya kukunyamazishia, amekuibia kitu ambacho hakirudi kwa M-Pesa. Amekufanya usiyaamini macho yako mwenyewe. Kwa hiyo nakuambia wazi: kumtaka muuzaji wa ardhi karatasi si ugonjwa. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote mbili na saini zishuhudiwe. Wiki ile uliyojilaumu, akili yako ilikuwa nzima kabisa. Ndiyo iliyokuwa ikikuokoa.

Sasa vitisho vyake. Anasema uliyomwambia ni kosa la jinai. Kutamani kutoamka hakujawahi kuwa kosa katika sheria ya Kenya. Kilichokuwa kosa ni kujaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na hata hicho, Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu wa taaluma yake hapaswi kukosa habari hiyo. Ama hajui, ama anajua na ametegemea wewe usijue. Vyote viwili ni vibaya.

Kuhusu kuipigia kampuni simu, hapa niruhusu niseme ukweli wote, kwa sababu utausikia mbele ya safari. Siri ya kikao ina mipaka. Mtaalamu akiona kweli kwamba mteja yuko karibu kujidhuru au kumdhuru mtu mwingine, au mtoto anaumizwa, au mahakama imeamuru, anaweza kuvunja ukimya. Kuna kesi maarufu ya California ya mwaka 1976, ya familia ya msichana aliyeitwa Tarasoff, aliyeuawa na mteja wa mwanasaikolojia, ambayo ilizifundisha nchi nyingi kwamba siri haiwezi kuwekwa juu ya uhai wa mtu. Kwa hiyo kama Desemba yule mama aliona wewe ni hatari barabarani, alikuwa na wajibu wa kuchukua hatua Desemba ile ile: kukwambia, kukupeleka kwa daktari, kumwita mtu wa familia yako. Hakufanya hivyo. Alikuacha ukarudi kazini mwezi wa tano bila neno. Hatari hiyo ameikumbuka siku ulipodai 380,000. Wajibu wa kulinda maisha haulali miezi minane ukaamshwa na deni. Hicho ni kitisho, na amekirekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Tena faili hilo analolitaja kwa majivuno ni la kwako pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Una haki ya kuomba uone alichoandika juu yako. Akitoa taarifa hizo kwa mwajiri wako bila sababu ya kisheria, ni kosa. Unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Wapi pa kumshtaki? Kwanza ujue yeye ni nani. Wewe unamwita mwanasaikolojia, labda ukutani pana vyeti, lakini watu wetu huwachanganya wote wakawaita "daktari." Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu, anaandika dawa, na malalamiko dhidi yake huenda kwa baraza la madaktari. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha haandiki dawa, na wote wawili wako chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, nambari 14 ya mwaka 2014, iliyounda Bodi ya kuwasajili, kuwapa leseni na kuwachukulia hatua wanapokiuka maadili. Waandikie Bodi uulize: mtu huyu amesajiliwa? Leseni yake ni ya mwaka huu? Likija jibu kwamba hayumo, hapo si kesi ya maadili tena. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na mlango wake ni polisi. Kama ni mwanachama wa chama chochote cha wanataaluma hao, pelekea na chama nakala. Ila chama kinaweza kumfukuza uanachama tu, hakiwezi kumzuia kufungua ofisi kesho yake. Mwenye kuweza kumwondolea leseni ni Bodi, kwa hiyo nguvu zako nyingi zielekeze huko.

Andika kama unavyoandika ripoti ya safari. Tarehe, mahali, kilichosemwa, kilichofanyika. Usianze na "ni mwanamke mbaya." Anza hivi: "Nilikuwa mteja wake tangu mwezi wa Desemba kwa ajili ya majonzi na kukosa usingizi baada ya ajali. Tarehe fulani, ndani ya kikao, alinitolea ramani ya ploti na kuniambia kuinunua ni sehemu ya kupona kwangu." Hiyo sentensi ya pili peke yake inatosha kumfanya mjumbe wa Bodi aketi vizuri kwenye kiti. Ambatisha taarifa ya M-Pesa yenye malipo hayo mawili, siyo picha za ujumbe mmoja mmoja. WhatsApp usifute kitu, hata maneno yako unayoyaonea haya. Ule ujumbe wa sauti uhifadhi mahali pawili, na simu hiyo usiiuze wala usimpe mtoto acheze nayo. Andika pia kwamba vikao vya bure vilianza baada ya pesa kutumwa, na nusu saa yako ikaliwa na ploti. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini linaonyesha matibabu yalivyogeuzwa biashara.

Ataitwa ajibu, na ni haki yake kusikilizwa. Anaweza kusema ulijipendekeza, ulimwomba akutafutie shamba, unamsingizia kwa sababu ya ugonjwa. Ukisikia hivyo usitikisike. Ndiyo maana nakuhimiza sana maandishi.

Pesa zenyewe Bodi haikukusanyii. Hizo zidai Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mombasa ipo. Jambo moja la kuangalia: mahakama hiyo haisikilizi mgogoro wa umiliki wa ardhi. Kwa hiyo usiende kudai ploti, nenda kudai pesa zako ulizompa ambazo hana sababu ya kubaki nazo. Kabla ya hapo mpe barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, siku 14 zinatosha. Na kuhusu kile kitisho, pita kituo cha polisi uandikishe taarifa, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Hata kama hawatamkamata kesho, itakuwa imeandikwa kwamba kitisho kilikuja kabla ya lalamiko.

Akikuita mle "mkayamalize," usiende peke yako. Akikwambia atakurudishia pesa mradi utie saini kwamba hutalalamika popote, chukua karatasi hiyo umletee wakili kabla ya kalamu. Pesa ni haki yako, na lalamiko kwa Bodi si bidhaa ya kubadilishana nazo. Kuna mteja mwingine leo hii ameketi kwenye kiti kile, analia, na droo iko pale pale. Na Facebook, mwanangu, nakuomba usipande huko. Utakuwa umempa nafasi ya kukushtaki kwa kumchafulia jina, na siri zako utakuwa umezianika wewe.

Dada yako ana hofu ya haki. Ukilalamika, wale watakaosikiliza itabidi waone sehemu ya faili inayohusu jambo hili. Lakini sehemu hiyo tu. Omba kwa maandishi, katika barua ile ile, kwamba mambo ya afya yako yasikilizwe faraghani na jina lako lisitajwe nje. Kuna tofauti kubwa kati ya siri inayosemwa na mwenyewe mbele ya watu watatu walioapa, na siri inayoshikwa na mtu mwingine kama rungu juu ya kichwa chako. Kwa hiyo mwambie mkeo leo. Mwambie yote mawili, pesa na Desemba. Yule mama ana silaha moja tu, nayo ni watu wasiojua. Mkeo akijua, imebaki kampuni. Na kampuni, ukienda kwa daktari wa Port Reitz ukapimwa, ukapewa karatasi kwamba unaweza kuendesha, itakuwa na karatasi ya daktari mkononi dhidi ya simu ya mtu mwenye kesi nawe.

Swali lako la mwisho nimelibakisha kwa sababu si la kisheria. Unauliza kama alikutibu kweli. Soma barua yako: mara ya kwanza ulishindwa kusimulia, mara ya nne ulimaliza. Aliyemaliza ni nani? Yeye alikuonyesha njia, na njia ile ni ya kweli, inafundishwa na kutumiwa duniani kote kwa watu waliotoka kwenye ajali na vita. Hakuibuni yeye wala si mali yake. Saa tano ulizolala Januari ulizilala wewe. Anaweza kuwa alikuwa mtaalamu mzuri hadi mwezi wa pili na mkosaji tangu wa tatu, watu hubadilika mbele ya pesa. Sihitaji kumfanya shetani tangu siku ya kwanza ili niseme mwezi wa tatu alikosa. Hukuuma mkono wa mtu. Mkono uliokutoa shimoni ulikuwa na kazi hiyo, ulilipwa 3,000 kila mara, na hauna ruhusa ya kukupekua mifuko ukifika juu. Tafuta mwingine uendelee. Kikao cha kwanza muulize bila haya: umesajiliwa na nani, faili langu linakaa wapi, nani analiona. Mzuri atakujibu bila kukunja uso.

Jambo moja bado. Ile hamu ya kumfanyia kitu mama wa yule kijana haikuwa ugonjwa, na haikuwa ya kuuziwa. Kampuni ilimwambia mwanawe alikuwa kibarua hana mkataba, ikaishia hapo. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, hiyo hiyo iliyokulipa mguu wako, haimtaki mfanyakazi awe na karatasi ndipo ahesabiwe mfanyakazi. Mtu akifa kazini, waliokuwa wakimtegemea wanaweza kudai fidia inayohesabiwa kwa mapato yake ya miezi 96. Lakini dai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu kifo. Sasa ni Agosti. Mchukue huyo mama mwende naye ofisi ya Usalama na Afya Kazini, Mombasa, aandikishe dai kwa jina lake. Bebeni cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu, na majina ya madereva wenzako waliomwona akipokea pesa zake za wiki mikononi mwa meneja. Wewe ndiwe shahidi wa kwanza.

Shangazi